Nendeni Aubrac: Hotuba kwa Waliochoka

Hotuba hii niliitoa kwenye mkutano wetu wa kila mwaka wa watu wa Afrika Mashariki tunaoishi hapa Uingereza. Waliokuwa zamu siku hiyo, na walikuwa wengi, wameniomba niiandike. Nimeiacha kama nilivyoisema, ila picha za ukutani zimebaki ukutani.

Ndugu mwenyekiti, wazee wetu mlioketi mbele, akina mama, akina baba, na nyinyi vijana mliojibanza huko nyuma karibu na sambusa: shikamooni wakubwa, salaam aleikum, Bwana asifiwe, na waliobaki hamjambo.

Naanza na swali, na nataka mikono ya kweli, si ya kanisani. Nani hapa mwaka jana alimaliza likizo yake yote bila kuchukua hata zamu moja ya ziada ndani yake? Nyoosheni. Aha. Naona mikono mitatu, na mmoja ni wa mtoto.

Sheria ya nchi hii inampa mwajiriwa wiki 5.6 za likizo yenye malipo kwa mwaka. Wiki tano na ushee! Tunazifanyia nini? Tunaziuza. Tunaomba likizo kwenye nyumba ya wazee tunayofanyia kazi, halafu wakala anatutuma nyumba nyingine ya wazee, mtaa wa pili, kuinua wazee wengine kwa mgongo uleule. Na zile wiki za kwenda nyumbani? Jamani, ile si likizo. Ile ni harusi, ni matanga, ni kesi ya shamba, ni fundi aliyekula saruji. Unarudi hapa umechoka kuliko ulivyoondoka, na mkopo juu.

Mimi kiangazi kilichopita nilikwenda kutembea. Nasema kutembea kwa miguu, begi mgongoni, mimi na dada mmoja tunayefanya naye kazi wodini. Tulikwenda Ufaransa, na Paris tuliipita tu tukibadilisha treni. Tulitembea mashambani: milima ya Velay, uwanda wa juu wa Aubrac, mto Lot, mpaka Conques. Na nimerudi na dai moja ambalo nitalisema mbele yenu bila kupepesa macho: raha ya mashamba yale haitokani na hewa safi. Hewa safi hata Limuru ipo. Hata Lushoto ipo. Raha ile imetengenezwa na watu. Imegomewa, imetungiwa sheria, imepakwa rangi kwa brashi, na kuna mtu anaamka kila asubuhi kuitunza.

Mnadhani Mfaransa alizaliwa na likizo mkononi? Hebu nisikilizeni.

Mwaka 1936, mwezi wa Mei, vyama vya mrengo wa kushoto vilishinda uchaguzi Ufaransa, na Léon Blum akawa waziri mkuu mwezi uliofuata. Wafanyakazi hawakungoja aapishwe. Waligoma, na waligoma kwa namna mpya: hawakutoka kiwandani, waliingia na kukaa. Walilala juu ya magunia kando ya mashine. Wake zao waliwapitishia chakula getini. Jioni walipiga kodiani na kucheza dansi katikati ya karakana. Karibu watu milioni mbili waliacha kazi. Usiku wa tarehe 7 kuamkia 8 Juni, waajiri na vyama vya wafanyakazi wakatia saini makubaliano ya mishahara Paris, katika jumba la Matignon, na tarehe 20 Juni ikapita sheria: kila mfanyakazi apate wiki mbili za likizo kwa mwaka, na alipwe akiwa amepumzika.

Alipwe akiwa amepumzika. Wengi wao walikuwa hawajawahi kusikia kitu kama hicho.

Lakini likizo bila nauli ni kukaa ukitazama dari. Hapo akaja kijana mmoja serikalini, Léo Lagrange, umri wake miaka 35, aliyepewa kusimamia michezo na mapumziko ya wananchi. Magazeti ya matajiri yalimcheka: eti waziri wa uvivu. Yeye akakaa na makampuni ya reli, na kufikia Agosti mwaka uleule mfanyakazi akaweza kukata tiketi ya likizo kwa punguzo la asilimia 40. Mamia ya maelfu wakapanda treni. Wapo walioona bahari kwa mara ya kwanza, ingawa waliishi saa chache tu kutoka pwani. Wengine walirudi kijijini kwa bibi. Wengine walipanda baiskeli za watu wawili, mume mbele, mke nyuma, na hema juu. Miaka minne baadaye Lagrange aliuawa vitani, Juni 1940, akipigana na Wajerumani. Wiki mbili zikawa tatu mwaka 1956, nne mwaka 1969, tano mwaka 1982.

Nawaeleza haya kwa nini? Kwa sababu kuna mtu hapa, simtaji, aliniambia, "Dada, mapumziko ni ya wazungu." Hapana. Mzungu mwenyewe alilala juu ya gunia kiwandani ili ayapate. Haya sisi tumeyakuta tayari, yameandikwa kwenye mkataba wetu, tumetia saini, kisha tunayarudisha kwa mwajiri kwa hiari yetu! Kwa hiari yetu!

Sasa twendeni safari.

Kutoka Paris unakwenda Lyon, saa mbili tu kwa treni ya mwendo kasi, halafu Saint-Étienne, halafu kitreni kidogo kinachojikunja kando ya mto Loire ukiwa bado mchanga, hadi Le Puy-en-Velay. Mji huu umekaa kati ya vilele vya volkano iliyozimika. Juu ya jabali moja pana kanisa, Saint-Michel d'Aiguilhe, ngazi 268. Juu ya jabali jingine pana sanamu ya Bikira Maria, urefu wake mita 16, iliyosubuliwa mwaka 1860 kwa chuma cha mizinga 213 ambayo Wafaransa waliiteka kwa Warusi huko Sevastopol. Mizinga ikawa mama na mtoto. Msitake nianze kuhubiri hapa, mchungaji yupo.

Mwaka 950 askofu wa mji huu, Godescalc, aliondoka kwenda kuhiji Santiago de Compostela, Hispania. Watu wakafuata nyayo zake, na njia ile ipo mpaka leo. Asubuhi mahujaji wanabarikiwa kanisani, na baada ya misa pale katikati ya sakafu panafunguliwa lango la chuma, ngazi zinatokea chini yako, na mnashuka kutoka ndani ya kanisa moja kwa moja mpaka barabarani. Wapo wa dini, wapo wasio na dini, wapo waliotoka kuachana na mume. Wote wanashuka ngazi zilezile.

Na mnapotea? Hampotei. Hapa ndipo nilipovua kofia. Njia inaitwa GR 65, na kila baada ya hatua kadhaa, juu ya mti, juu ya jiwe, juu ya nguzo ya umeme, kuna mistari miwili ya rangi: mweupe juu, mwekundu chini. Ukiiona, endelea. Ukiona imepigwa msalaba, rudi, si huko. Ikiwa na mshale, kata kona. Alama hizi zilianza kupakwa mwaka 1947, nchi ikiwa bado imebomoka kwa vita, na leo njia za namna hii zilizopakwa rangi Ufaransa nzima zinazidi kilomita 180,000. Nani anazipaka? Watu wanaojitolea. Wastaafu, walimu, mafundi bomba. Wanakwangua ukoga kwa brashi ya waya, wanapaka nyeupe, wanasubiri, wanapaka nyekundu. Hakuna posho.

Mimi kazini naamua mambo mchana kutwa. Dawa ipi kwanza, nani ameanguka, nani anadanganya kwamba amekula. Mle njiani uamuzi wangu ulikuwa mmoja: iko wapi nyeupe na nyekundu? Baada ya muda kichwa kikanyamaza. Mguu wa kushoto, mguu wa kulia, nyeupe na nyekundu. Sijui dawa ya usingizi iliyonifanyia hivyo, na dawa za usingizi nazijua kwa majina.

Sitawadanganya kwamba ni lelemama. Kushuka Monistrol-d'Allier magoti yanalia, na kupanda upande wa pili unamkumbuka Mungu. Malengelenge yapo. Mkipita Saugues mtaambiwa habari za mnyama wa Gévaudan, aliyeua watu wapatao mia kati ya 1764 na 1767. Msiogope, alikwisha kufa, sasa ana jumba la makumbusho.

Halafu unafika Aubrac. Hapa naomba mnivumilie nikae kidogo.

Aubrac ni uwanda wa juu, mita elfu na zaidi kutoka usawa wa bahari, hauna miti ya kukuzuia macho. Ni nyasi, kuta za mawe, mawe mengine yametawanyika kama yalivyoachwa na barafu ya kale, na ng'ombe. Ng'ombe wa pale wana rangi ya ngano, macho yamezungushiwa weusi, mzee yeyote wa kifugaji angewasimamia hapo akawatazama mpaka giza liingie. Mwishoni mwa Mei wanapandishwa kutoka mabondeni wakiwa wamevishwa kengele na maua, na wanakaa juu mpaka Oktoba. Zamani wachungaji walilala kiangazi chote katika vibanda vya mawe wakitengeneza jibini. Vibanda vingi sasa ni magofu, vingine vimekuwa mikahawa.

Katikati ya uwanda ule, panapopiga ukungu usione mkono wako, pana kijiji kinachoitwa Aubrac, kanisa na nyumba chache. Hadithi inasema hivi: karibu na mwaka 1120 mtawala mmoja kutoka Flanders, Adalard, alikumbwa na dhoruba ya theluji pale akiwa safarini. Akaweka nadhiri: nikiokoka, nitajenga nyumba ya wasafiri mahali hapa. Akajenga hospitali ya mahujaji, ikawa na watawa wake, wanawake na wanaume, wa kulisha watu, kuwatibu na kuwalinda na majambazi. Na ukungu ukishuka, au theluji, walipiga kengele usiku. Iliitwa kengele ya waliopotea. Iligongwa ili wewe uliye gizani, usiyejulikana jina wala kabila, ujue nyumba iko upande gani.

Nawauliza, wauguzi wenzangu mliomo humu: hiyo si zamu ya usiku? Hiyo ni zamu ya usiku! Kuna mtu hakulala ili msafiri alale.

Watawa wale waliwapa mahujaji mkate uliochanganywa na jibini changa. Baadaye viazi vikaja vikachukua nafasi ya mkate, na chakula hicho leo kinaitwa aligot. Tulikila katika nyumba ya kulala wasafiri, zile wanazoziita gîte, zisomeni "jiti". Mwenye nyumba alikuwa mama wa makamo, mikono mipana. Akaleta sufuria mezani, viazi vimepondwa na siagi, krimu na kitunguu saumu, ndani yake amekata vipande vyembamba vya jibini changa. Akashika mwiko akaanza kusonga, na mimi nikamwambia dada, huyu anasonga ugali! Nguvu ni ileile, bega ni lilelile. Kisha akainua mwiko juu ya kichwa chake, na ule uji mzito ukamfuata ukining'inia kama kitambaa bila kukatika, meza nzima ikapiga makofi. Ndugu zangu Waislamu, aligot yenyewe ni viazi na jibini, lakini soseji inayokuja nayo kwa kawaida ni ya nguruwe, semeni mapema mnapoweka nafasi.

Nyumba hizi nazo zina historia yake. Baada ya vita vijana walihama mashamba, nyumba za mawe zikabaki tupu. Mwaka 1951 ikafunguliwa nyumba ya kwanza ya gîte huko Tanaron, milima ya Alps, na mwaka 1955 ukaundwa mtandao wa nchi nzima. Hesabu yake nyepesi: mkulima akarabati nyumba, apate fedha ya ziada asihame, na familia ya mjini isiyo na uwezo wa hoteli ipate pa kulala. Kwenye meza moja unakaa na daktari, dereva wa lori, na wasichana wa chuo. Mnakula sufuria moja. Saa tatu na nusu usiku watu wanakwenda kulala, wala hakuna anayeona haya.

Mtaniuliza, na weusi wetu? Walitutazama, ndiyo. Kijijini mgeni yeyote anatazamwa, hata kwetu. Lakini salamu inafungua mlango. Ukiingia dukani kule bila kusema "bonjour" umeshaharibu, utahudumiwa kwa uso wa jiwe. Sisi watu wa salamu hilo halitushindi. Njiani kila mtu anamsalimu kila mtu, na kwa dada yule kutoka Lamu ilikuwa kama kurudi kwao, alikuwa anawauliza mpaka habari za ng'ombe, kwa Kiswahili, na wanajibu.

Sasa nije kwa lile lililonishika zaidi.

Aubrac na milima ya Auvergne haikuwa nchi ya raha. Ilikuwa nchi ya njaa. Watu wake walihamia Paris kwa maelfu, karne ya 19 yote na baadaye. Walifanya kazi gani? Walibeba maji ghorofani kwa ndoo. Walibeba makaa. Walidharauliwa, wakabandikwa jina la kejeli, bougnat, kwa lafudhi yao na masizi yao. Walikaa pamoja, wakaoana wao kwa wao, wakakopeshana. Kando ya ghala la makaa wakaweka kaunta ya kuuza glasi ya mvinyo. Kaunta ikawa mkahawa. Mwaka 1920 Marcellin Cazes, mtoto wa Laguiole, kijiji cha Aubrac, alinunua Brasserie Lipp, ambayo baadaye wabunge na waandishi wa Paris walikuwa wakigombania meza zake.

Mnawajua watu hawa? Mnawajua! Wabebaji waliohamia mji mkuu, wanaotuma fedha nyumbani, wanaojenga nyumba kijijini. Walikuwa hata na gazeti lao, L'Auvergnat de Paris, lililoanzishwa mwaka 1882 na Louis Bonnet. Na sikilizeni alichofanya Bonnet: mwanzoni mwa karne ya 20 alikwenda kwa watu wa reli akapatana nao bei, akapanga treni maalumu za kuwarudisha Waauvergne vijijini mwao kwa nauli ya chini. Treni zikaitwa kwa jina lake. Watu walifunga duka la makaa, wakapanda na watoto, wakaenda kukata majani na kunywa maziwa ya nyumbani.

Chama kiliwapangia. Mwenyekiti, nakutazama wewe. Sisi chama chetu kinajua kuchanga matanga, na kinachanga vizuri, hakuna anayelala mochwari kwa kukosa nauli ya kurudishwa. Lakini tumewahi kumchangia mtu akiwa hai aende akalale?

Nisiwapambe Wafaransa kupita kiasi. Agosti 2003 joto kali liliua watu wapatao 15,000 nchini mwao, wengi wao wazee, wengi wakiwa peke yao, mwezi ambao nusu ya nchi iko likizo. Ile aibu iliwachoma. Mwaka uliofuata walitunga sheria: siku moja kwa mwaka watu wafanye kazi bila malipo ya ziada, na fedha inayotokana nayo iende kuwatunza wazee na wenye ulemavu. Wapo wanaoilalamikia mpaka leo. Mimi naiona ni sheria ya watu waliokubali kwamba ukipumzika kuna mtu ameshika zamu yako, na zamu ile ina gharama. Sisi ndio tunaoshika zamu za watu. Zetu nani anazishika?

Na vijiji vile vizuri, vingi vinakufa. Mkate unauzwa siku chache kwa wiki. Daktari yuko mbali. Katika kila kijiji pana mnara wa vita vya 1914 hadi 1918, na majina yamepangwa, ukoo mmoja mara mbili, mara tatu, mahali ambapo leo huwezi kupata timu ya mpira. Mchana saa sita maduka yanafungwa, mbao za madirisha zinafungwa, na kengele ya kanisa inapiga saa, kisha baada ya dakika moja au mbili inapiga tena, kwa ajili ya aliyekuwa shambani ambaye hakuhesabu vizuri. Dada wa Lamu alisema, "Hawa wanalala mchana kama kwetu, na hakuna anayewaita wavivu."

Conques sitaieleza sana, mkaione. Kanisa lake kubwa lilitajirika kwa masalia ya mtakatifu Foy, na masalia yale waliyaiba! Karne ya 9 mtawa wao mmoja alikwenda kukaa Agen miaka mingi akijifanya mwema, mpaka akaaminiwa kulinda kaburi, kisha akaondoka nayo usiku. Ndani, vioo vya madirisha 104 ni kazi ya mchoraji Pierre Soulages, mzaliwa wa Rodez pale karibu, alivikamilisha mwaka 1994. Havina picha wala rangi. Vinapitisha mwanga tu, na mwanga unabadilika kadiri jua linavyokwenda. Nilikaa pale kwenye benchi nikapitwa na chakula cha mchana, mimi ambaye kazini nakula nimesimama.

Ya vitendo, haraka. Kutoka Le Puy mpaka Conques ni kama kilomita 200, lakini si lazima yote. Kipande cha Nasbinals hadi Saint-Chély-d'Aubrac peke yake kinatosha kumponya mtu. Yapo magari yanayobeba mabegi kutoka nyumba moja hadi nyingine, wenye migongo mibovu yatumieni bila aibu. Juni ni bora kuliko Agosti: maua yapo, joto bado, vitanda vipo. Vitanda huwekwa kwa simu, mapema. Chukueni koti hata kama hapa jua linawaka, kule juu ukungu haubishi hodi. Wenye pasipoti za Kenya, Tanzania, Uganda na Kongo, hata kama una kibali cha kuishi hapa, unahitaji viza ya Schengen, na miadi ya viza inachukua muda kuliko safari yenyewe, kwa hiyo anzeni sasa, si mwezi wa Mei. Na ukiomba likizo, iombe kwa maandishi, na usimwambie wakala wako upo.

Mwenyekiti, nimeandika pendekezo la mfuko wa safari, lipo mezani kwako, linahitaji watu wa kuliunga mkono kabla ya chakula. Haya, maswali. Tuanze na mama pale dirishani, umenyoosha mkono tangu nilipotaja mwiko.